Makochi ya Watu

Mimi ni mtu wa hasira, nasema mapema nisije nikaambiwa baadaye. Hasira zangu hupanda kama maziwa jikoni, zikishamwagika basi, naokota kitambaa nafuta, na dakika hiyo hiyo utanikuta nacheka. Lakini hii moja imekaa mwaka wa pili haijamwagika, maana sina wa kummwagia. Kila ninayemfikiria namwonea huruma.

Mwanangu wa kwanza, msichana, alifaulu kidato cha sita. Alifaulu hasa, si kwa kubahatisha. Siku matokeo yalipotoka aliyaona kwenye simu ya baba yake, akaja jikoni akasimama nyuma yangu nami niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikageuka nikaona machozi.

"Toba! Umeanguka?"

"Nimepita, mama. Nimepita vizuri."

Nikaiacha nazi na mbuzi wake, nikapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza nani kajifungua. Sisi tunakaa Ng'ambo, nyumba zimeshikana, huwezi kufurahi peke yako wala kulia peke yako.

Alichotaka kusoma tulikuwa tukikijua wote: ufamasia. Bibi yake, mama wa mume wangu, mavyaa wangu mimi, ana presha na sukari, na tunakaa naye. Hakupelekwa skuli, maandishi hayajui. Dawa zake zilipangwa na mjukuu tangu mjukuu mwenyewe yuko mdogo. Akikaa naye juu ya mkeka, hii ya asubuhi, hii baada ya chakula, hii usiimeze na ile. Mara moja mavyaa wangu alirudi na pakiti mpya kutoka zahanati nyengine, mtoto akaisoma, akaichukua ya zamani akaisoma, akasema, "Bibi, hizi ni dawa moja, majina mawili. Ukizinywa zote utaanguka." Tukaenda kuuliza, ikawa kweli. Tokea siku ile bibi yake akimwita daktari wangu. Akimwita kwa sauti, na mtoto huitika "Naam, bibi," na mtaa mzima unajua daktari kaitwa.

Chuo kilichompa nafasi kiko bara. Hapo ndipo furaha ilipoanza kupungua.

Mume wangu ni fundi makochi. Watu humletea makochi yaliyobonyea, yeye anayavua nguo, anayatia sponji na kitambaa kipya, yanarudi kwa wenyewe kama yaliyotoka dukani. Kazi ilikuwa nzuri kabla watu hawajazoea kununua yale ya kwenye makontena. Halafu mgongo wake ukaharibika, akapasuliwa, na dhahabu yangu ya arusi ikaondoka na upasuaji ule. Simsimangi, mgongo ni mgongo. Mimi nashona kofia za viua, kazi ya sindano na macho, na macho yenyewe sasa yananitania.

Mtoto wa shangazi yake mwanangu alisoma bara miaka ya nyuma. Tukamuuliza ilikuwaje ada, akatwambia, tukafurahi jioni nzima. Nikaanza na kupanga nguo za kumpa. Asubuhi mtoto akaja na simu ya baba yake mkononi. "Mama, ile ilikuwa zamani." Ada imepanda, kisha imepanda tena. Na chini ya ada kuna usajili, kuna bima, kuna koti jeupe la maabara, kuna bweni. Na ukikosa bweni kuna chumba cha mtaani, na mwenye chumba anataka kodi ya miezi kwa mkupuo. Kuna boti ya kuvuka. Na kuna kula. Hapa mtoto akikuta kwetu hakujapikwa atakula kwa jirani, hakuna wa kumuuliza. Kule kila tonge lina bei yake.

Nikasema, "Hebu ifunge hiyo simu." Kama vile nikiifunga na bei itashuka.

Kwetu mtoto hasomeshwi na baba na mama peke yao. Anasomeshwa na ukoo, na ukoo ukitoa chake unatoa na ushauri juu yake. Kikao kikakaliwa ukumbini kwetu baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwapo ami yake, mdogo wa mume wangu, ambaye ni msimamizi kwenye hoteli moja Bwejuu, alikuwapo shangazi yake, mume wangu, mavyaa wangu juu ya kiti chake, na mimi mlangoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja jikoni. Mtoto mwenyewe tulimweka chumbani, lakini pazia halizuii sikio.

Ami yake akaanza. Si mtu mbaya, nasema haki ya Mungu. Ni mtu wa hesabu tu. "Shahada hailiwi, wenzangu. Vijana wa shahada wamejaa mabarazani, wanacheza karata mpaka magharibi. Mimi nasema aende chuo cha hoteli hapa hapa kisiwani. Masomo mafupi, ada naweza kuibeba mimi, na akimaliza kazi namtafutia. Watalii hawapungui."

"Mtoto kapata ufamasia, wewe unamwambia atandike vitanda?" nikasema.

"Shemegi, vitanda vimenisomeshea wanangu."

Hilo ni kweli. Shangazi yake akasema pengine asubiri mwaka, pesa zikusanywe. Mume wangu akasema mwaka ujao bei itakuwa wapi. Shangazi akasema basi tuuze kitu. Tukatazamana, kila mmoja akikitafuta kitu hicho kwenye kuta. Nyumba yenyewe ni ya urithi, ina wenyewe wengi kuliko vyumba, na nusu yao wako Maskati hawajui hata rangi ya mlango wake.

Mavyaa wangu alikuwa akivuta tasbihi yake. Alipozungumza, alizungumza mara moja. "Daktari wangu atasoma dawa. Nshasema."

"Kwa nini, mama?" akauliza mume wangu, na alimaanisha kwa pesa gani.

"Mungu atafungua mlango."

Na mlango, kweli, ukafunguka. Kulikuwa na mfuko mmoja, jina lake nalihifadhi, uliokuwa ukisomesha watoto waliofaulu ambao wazee wao hawajiwezi. Ukipita, wanalipa kila kitu, mpaka boti. Masharti mawili: mtoto awe amefaulu, na nyumba iwe haina. Kufaulu tulikuwa nako. Kukosa tulikuwa nako zaidi. Mimi nilicheka, nikasema kwa mara ya kwanza umasikini wetu utatufaa. Sheha wa mtaa wetu akatia sahihi yake, akatwambia tukae tayari, watu wa mfuko watakuja wenyewe kuitazama nyumba.

Mimi nikamweleza mavyaa wangu. "Mama, kuna wageni watakuja kuitazama nyumba, ndio waamue kama mtoto wamsomeshe." Maneno yangu ni hayo hayo, sikuongeza wala sikupunguza. Akaitikia, "Inshallah, karibu zao." Akauliza ni watu wa namna gani. Nikasema watu wa ofisini. Akatikisa kichwa taratibu, akashika tasbihi yake.

Sasa, mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na bati la karakana ya mume wangu linavuja. Alikuwa na seti ya makochi ya biarusi, kazi kubwa aliyoipata baada ya muda mrefu: mahameli nyekundu, uzi wa dhahabu pembeni, mito yake sita. Kwa kuogopa yasirowe aliyaleta nyumbani, tukayajaza ukumbini na kuyafunika nailoni. Tulipita kwa ubavu kwenda chooni. Watoto waliapishwa wasiyaguse. Sisi wenyewe tulikaa chini kwenye mkeka kando yake, tukila na kuyatazama.

Wageni walisema watakuja baada ya adhuhuri. Asubuhi nikatoka kwenda Darajani kununua uzi, nikasema nitarudi mapema, niwapokee mwenyewe. Kumbe walikuwa na nyumba nyingi za kupita, wakaanza na kwetu.

Narudi, nasikia harufu ya udi tangu uchochoroni. Nikajiuliza nani anaoa. Kila nikikaribia udi unazidi, mpaka nikajikuta mlangoni kwangu, na viatu vya wageni viko nje.

Loh! Nyumba sikuijua. Nailoni imevuliwa. Makochi yametandazwa, mito imesimama. Mapazia ya jirani wa kushoto yako madirishani kwetu, zulia la jirani wa kulia liko chini, na feni ya kusimama, sijui ya nani, inageuza shingo kama inayotafuta mtu. Katikati ya sinia vimepangwa vile vikombe vya kahawa vya mavyaa wangu, vyenye mstari wa dhahabu, ambavyo tokea niolewe nimeviona Idi tu. Kuna halua. Kuna vileja. Nikajua mara moja kuwa pesa za mchele wa wiki ziko kwenye sinia lile.

Na mwanangu. Amekalishwa kwenye kochi kubwa, nguo ya Idi, na shingoni mkufu wa dhahabu wa kuazima. Aliponiona aliinua macho, na macho yale sijayasahau. Yalikuwa yananiambia, mama, nimemwambia bibi, hakunisikia.

Wageni walikuwa wawili, mwanamke wa makamo mwenye miwani na kijana mwenye simu ya kupigia picha. Mavyaa wangu alikuwa kwenye kochi la pembeni, kanga mpya, mgongo umenyooka, kajaa. Hata mimi, pamoja na hasira zangu, niliona kuwa amependeza.

"Bibi, shikamoo," mwanamke alikuwa akisema, ndiyo kwanza wanaanza mazungumzo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana. Kuleni, msione haya."

"Bibi, tumekuja kutaka kujua hali ya maisha hapa nyumbani. Vipi mnaishi?"

Sasa jamani, muulize mtu wa Unguja wa umri ule vipi anaishi. Muulize yuko hospitali, muulize nyumba yake inaungua.

"Alhamdulillah," akasema mavyaa wangu. "Twamshukuru Mungu. Hatukupungukiwa na kitu."

Nikaingia. "Mama, waambie wageni ukweli. Jamani, haya makochi si yetu. Ni ya mteja."

Mavyaa wangu akacheka, kicheko kizuri, cha mtu mwenye kwao. "Mkwe wangu huyu mtani! Mumewe fundi makochi, atakosaje makochi?"

Wageni wakacheka. Na mimi hapo ningefanya nini? Ningemwambia mama wa mume wangu, mbele ya watu wasiomjua, muongo wewe? Nimelelewa Jambiani na mama aliyelima mwani mpaka kucha zikamtoka, na hata mama yangu yule hakunifunza hilo. Nikasema tena, taratibu zaidi, kwamba mapazia ni ya kuazima. Mavyaa wangu akanimiminia kahawa, akanipa kikombe mkononi, akasema, "Kunywa, umechoka na jua."

Yule mwanamke akauliza kuhusu chakula, mnakula mara ngapi. "Ala! Sisi watu wa kula. Mpaka tunabakisha." Akauliza maradhi. "Umri tu, mwanangu, maradhi gani." Presha imekaa mle mwilini, sukari imekaa, na mwenyewe anasema umri tu. Mwanangu akainama akautazama mkufu.

Nikamwona mume wangu anaingia, kapigiwa simu karakana, vumbi la sponji nyusi mpaka ndevu, mkono mmoja kiunoni kwa maumivu. Nikasema moyoni, alhamdulillah, huyu atasema. Yule mwanamke akamuuliza, "Bwana, kazi zinakwendaje?"

Mume wangu akayatazama makochi ya mteja, hayana nailoni. Akamtazama mwanawe na mkufu. Halafu akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama.

"Alhamdulillah," akasema. "Tunakwenda."

Mwanamume huyo huyo jana yake alikuwa amelala kifudifudi namkanda mgongo kwa mafuta ya karafuu, akilia kama mtoto kuwa hajui atafanya nini. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nasi tuliuficha mpaka kwa mkunga. Kijana akapiga picha: ukumbi, sinia, feni, na mwanangu juu ya mahameli nyekundu. Akamwambia, "Tabasamu kidogo, dada." Akatabasamu.

Nilitoka nao. Niliwafuata uchochoroni, viatu nimevaa vya kushoto na kulia tofauti, nikamshika mkono yule mwanamke. Nikamwambia kila kitu, makochi, mapazia, zulia, mkufu, mgongo wa mume wangu, dhahabu yangu. Kwa sauti, na madirisha yote ya Ng'ambo yakiwa wazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alikuwa mpole, ndiyo maana siwezi kumchukia.

"Mama," akasema, "kila nyumba tunayotoka mwenyewe hutufuata njiani. Kila mmoja. Sisi tunaandika tulichokiona na tulichoambiwa na wenye nyumba, wote. Wewe mmoja umesema hivi, mama mkwe na mumeo wamesema vile. Nifanye nini?"

"Rudini kesho. Rudini bila kutwambia."

"Kesho tuko kaskazini," akasema. Kijana alikuwa ameshatangulia.

Nikarudi ndani, na nyinyi mnajua nilivyorudi. Mavyaa wangu alikuwa akivifuta vikombe vyake kimoja kimoja, na uso wake una nuru.

"Umefanya nini, mama? Umefanya nini?" Nilipiga kelele mpaka feni ya watu nikaiona inatetemeka. "Walikuja kuona kama tuna shida! Shida ndiyo tuliyokuwa tukiiuza!"

Alishtuka. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliweka kikombe chini, akaniuliza kama mtu anayeuliza jambo la kweli, "Kwani posa ikija, huwa tunawatandikia magunia?"

Akachukua kikombe chengine, akakifuta.

"Watu wakija kutazama nyumba, wanatazama kama ni nyumba ya kupewa," akasema. "Nani anamwekea mtu amana yake nyumba ya mafukara? Nimeishi mimi. Nimewaona wasichana wazuri wakirudishwa kwa sababu ya godoro. Mwenye kitu ndiye anayepewa, mwanangu, asiye na kitu hutupiwa. Sikutaka daktari wangu atupiwe."

Mume wangu akaanza kuyafunika makochi na nailoni yake, kainama, kiuno kinamuuma. Nikamgeukia yeye. "Na wewe je? Wewe umesoma!"

"Yule mama yangu," akasema.

Basi. Hilo ndilo jibu lake lote, na mpaka leo hajaongeza neno. Mwanangu aliuvua mkufu, akaukunja ndani ya kitambaa, akaurudisha kwa mwenyewe. Akarudi, akakaa kumpangia bibi yake dawa za mchana, maana saa ilikuwa imefika.

Majina yalipotoka, lake halikuwamo. Lilikuwamo la msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye wageni walimkuta anafua, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Nilikwenda kumpongeza mama yake. Nilimpongeza kweli, nikala na tende alizonipa, nikarudi nikalia.

Kisha asubuhi moja mavyaa wangu akatoka chumbani kajifunga buibui, akaniambia, "Nipeleke kwao."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa wale wageni. Mimi ndiye niliyesema, nitakwenda kusema tena."

Nikampeleka. Ofisi yao iko Mjini, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zilizosimama wima, na magoti yake si ya ngazi zile. Alipumzika kila kituo, akitabasamu kwa kila anayeshuka. Juu tulimkuta kijana mwengine, si yule wa picha, nyuma ya meza. Akatukaribisha viti. Mavyaa wangu akakataa kukaa.

Niseme jambo moja ili mnielewe. Mwanamke yule alifiwa na mume na watoto wangali wadogo. Akiinjika sufuria ya maji matupu jikoni ili majirani waone moshi. Hilo nililisikia kwa shangazi yake mwanangu, si kwake. Kwake mwenyewe, tokea niolewe, sijasikia neno hatuna. Ukimuuliza chumvi, na chumvi hakuna, atasema, "Itakuja."

Alisimama mbele ya kijana yule wa umri wa mjukuu wake, akashika ukingo wa meza.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilisema uongo. Sisi mafukara. Hatuna kitu. Makochi yalikuwa ya watu." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Hatuna, mwanangu. Hatuna hata kidogo. Mchukueni mtoto."

Nilitazama chini. Sikuweza kumtazama mtu mzima yule akisema vile. Hasira zangu zote za siku zile, nilizokuwa nimezilea na kuzilisha, zilinitoka miguuni, na nikabaki sina kitu cha kushikilia.

Kijana alisimama. Alimletea maji. Alifungua kompyuta yake, akatafuta, akatwambia kwa heshima zote kwamba nafasi za mwaka ule zimeshajaa, muda wa kulalamika umepita, na kwamba mwaka ujao mfuko utachukua watakaomaliza mwaka huo tu. "Mungekuja mapema kidogo, bibi," akasema. Alikuwa karibu kulia yeye.

"Ahsante, mwanangu," akasema mavyaa wangu. "Umetupokea vizuri. Mungu akuzidishie."

Kushuka ngazi zile ilikuwa kazi kuliko kupanda. Chini, kabla hatujatoka nje penye watu, akanishika mkono.

"Usije ukamwambia mtu nilivyosema."

"Simwambii, mama."

"Hata mumeo."

Sikumwambia hata mume wangu. Nnaandika hapa kwa sababu mavyaa wangu hasomi, na kwa sababu limenielemea.

Kikao cha pili hakikuchukua muda. Ami yake alilipa ada ya chuo cha hoteli kama alivyoahidi, hakusema niliwaambia, na kwa hilo namshukuru. Mwanangu hakubisha. Ningependa angebisha. Ningependa angetupa kitu ukutani, amenirithi mimi, damu ya hasira anayo. Alisema tu, "Ami, ahsante," akaenda kujaribu sare yake, fulana ya kola na suruali nyeusi, na mtandio wa rangi ya hoteli. Nafasi yake kule bara ilichukuliwa na mtu mwengine. Iliisha yenyewe kwenye simu ya baba yake, siku ya mwisho ya kuthibitisha ilipopita, sisi tukiwa tunakula.

Sasa yuko Bwejuu. Alimaliza masomo upesi, kazi akapata, ami yake alisema kweli. Anatandika vitanda na kupanga mataulo. Ada ya ufamasia imepanda tena, nasikia. Siulizi, watu wananiambia. Mdogo wake naye yuko kidato cha tatu na anafaulu, na kila akileta ripoti nzuri moyo unanishuka.

Dawa za bibi yake nazipanga mimi. Maandishi ni madogo, nayasogeza kwenye mwanga na kuyarudisha, na mavyaa wangu hunisubiri, mkono umekunjuliwa. Hamwiti tena mtu daktari. Alijaribu mara moja, mtoto alipokuja likizo ya kwanza. Alifungua mdomo, "Dakta—" kisha akasema, "Njoo, mjukuu wangu."

Juzi mtoto alikuja. Alileta samaki na sabuni ndogo ndogo za hoteli. Amekonda. Viganja vyake vimechubuka kwa dawa za kufulia, na chini ya jicho ana kivuli ambacho hakikuwapo. Bibi yake alikuwa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi. Mimi nilimkalisha juu ya mkeka, nikamwekea chakula, nikakaa mbele yake, nikamuuliza kama mama anavyouliza.

"Niambie kweli, mwanangu. Vipi unaishi kule?"

Aliinua uso. Akanyoosha mgongo, akanipa tabasamu lile lile alilompa kijana wa picha.

"Alhamdulillah, mama," akasema. "Sikupungukiwa na kitu."

Tasbihi ya mavyaa wangu ikasita. Tukatazamana, mimi na yeye.